Mapatano ya nyuklia kwa matumizi ya raia: namna yanavyofanya kazi na namna yanavyogeuza urafiki wa mataifa



Mara kwa mara redio inatangaza kwamba raisi fulani amesafiri, amepokelewa kwa heshima, na inchi mbili zimetia sahihi mapatano ya ushirikiano wa nyuklia kwa matumizi ya raia. Wengi wetu tunaiacha habari hiyo ipite. Tunafikiri ni mambo ya bomu, ao mambo ya wakubwa wa mbali yasiyotuhusu. Lakini udongo wa Katanga ulikuwa ndani ya historia hii tangu mwanzo wake, na kinu cha kwanza cha nyuklia katika Afrika yote kiliwashwa hapa kwetu, Kinshasa. Kwa sababu hiyo tumeona vema kueleza, hatua kwa hatua, mapatano haya ni nini, yalianza wapi, na kwa nini wanadiplomasia wanayafikiria sana kuliko mapatano mengine ya biashara.

Ni mapatano ya namna gani?

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuna mkataba wa kampuni, ambao unasema nani atajenga, kwa bei gani, kwa muda gani. Na mbele yake kuna mapatano ya serikali kwa serikali. Ni haya ya pili tunayozungumzia. Bila hayo, kampuni haina ruhusa ya kuuza hata mashine moja.

Ndani ya mapatano ya namna hii kwa kawaida mnakuta mambo haya:

– Vitu vinavyoweza kutolewa: vinu, mafuta ya urani, vyombo, mafundisho ya wataalamu.
– Ahadi ya inchi inayopokea kwamba hakuna kitu kati ya hivyo kitakachotumiwa kutengeneza silaha.
– Ruhusa kwa wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (AIEA), lenye makao Vienna, kuingia, kupima na kuhesabu.
– Sharti kwamba inchi inayopokea haitauzia inchi ya tatu, wala kurutubisha urani, wala kuchambua mafuta yaliyokwisha kutumika, bila kibali cha aliyeyatoa.
– Kanuni za ulinzi, ili vitu hivyo visiibiwe.
– Mara nyingine, haki ya aliyetoa kudai arudishiwe vyote kama ahadi zimevunjwa.

Kwa nini masharti mengi hivi? Sababu iko katika urani yenyewe. Urani inayotoka ardhini ina sehemu ndogo sana inayofaa kuwasha kinu, karibu asilimia 0.7. Kwa vinu vingi vya umeme inarutubishwa mpaka asilimia 3 ao 5. Kwa bomu inarutubishwa mpaka karibu asilimia 90. Mashine zinazofanya kazi ya kwanza zinaweza kufanya na ya pili. Ni suala la kuendelea kuzizungusha. Tena, mafuta yaliyokwisha kuungua ndani ya kinu yanabaki na plutoni, ambayo nayo inaweza kufanya bomu. Njia ya taa ya hospitali na njia ya silaha zinakwenda pamoja kwa sehemu ndefu mbele ya kuachana. Mapatano ni kizuizi kinachowekwa pale zinapoachana.

Kuna sababu nyingine. Kinu cha umeme kinaweza kufanya kazi miaka 60. Katika muda huo wote kinahitaji mafuta mapya, vipuri, wataalamu, na mahali pa kuweka takataka zake. Hii haifanani na kununua gari sokoni. Inafanana zaidi na ndoa kati ya jamaa mbili: mahari inalipwa siku moja, lakini kutembeleana kunaendelea mpaka kwa wajukuu. Ndiyo maana serikali inayotia sahihi inachagua rafiki kwa muda mrefu, na majirani wake wanaangalia kwa makini amemchagua nani.

Yalianza wapi?

Tarehe 8 Desemba 1953, Raisi Eisenhower wa Marekani alihutubia Umoja wa Mataifa. Wakati huo Marekani na Urusi ya Kisoviyeti zilikuwa zinashindana kwa silaha. Eisenhower alipendekeza kwamba nguvu za atomu zitumiwe pia kwa umeme, kilimo na matibabu, na kwamba liundwe shirika la kuziangalia. Mwaka wa 1954 bunge la Marekani lilipitisha sheria mpya ya atomu. Kifungu chake cha 123 kinasema kwamba ushirikiano wa maana wa nyuklia na inchi nyingine lazima utanguliwe na mapatano. Ndiyo sababu mpaka leo Wamarekani wanaita mapatano haya «mapatano ya 123». AIEA yenyewe ilianza mwaka wa 1957.

Mpango huo ulikuwa pia chombo cha siasa. Marekani ilitaka inchi changa zije upande wake; Urusi ya Kisoviyeti ikafanya vilevile na rafiki zake. Vinu vidogo vya utafiti vilianza kutolewa sehemu nyingi za dunia, na kila kinu kilikuja na walimu, vitabu, na ubalozi unaofuatilia.

Mwaka wa 1968 ukafunguliwa Mkataba wa Kuzuia Uenezaji wa Silaha za Nyuklia (TNP), ulioanza kazi mwaka wa 1970. Maana yake ni hii kwa ufupi: inchi tano zilizokwisha kuwa na bomu zinaahidi kujadiliana ili kuliacha, inchi nyingine zinaahidi kutolitafuta, na kwa malipo ya ahadi hiyo, zote zina haki ya nyuklia ya amani. Inchi yetu ni mmoja wa washiriki.

Kongo ndani ya historia hii

Shinkolobwe iko karibu na Likasi, Katanga ya Juu. Urani yake iligunduliwa mwaka wa 1915, na ilikuwa tajiri kupita kawaida: mahali pengine jiwe lenye chini ya asilimia moja ya urani linahesabiwa kuwa zuri, lakini Shinkolobwe kulikuwa mawe yaliyofika asilimia 65. Mgodi ulikuwa wa Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka wa 1940 mkubwa wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alisafirisha karibu tani 1,200 za mawe hayo mpaka New York, na baadaye Marekani ikayanunua kwa mradi wake wa bomu. Sehemu kubwa ya urani ya mradi huo ilitoka kwetu.

Tarehe 26 Septemba 1944, Marekani, Uingereza na Ubelgiji zilitia sahihi mapatano ya siri. Marekani na Uingereza zilipata haki ya kwanza ya kununua urani ya Kongo. Ubelgiji, kwa upande wake, iliomba jambo lililoonekana dogo siku ile: kwamba kama siku moja urani hiyo itatumiwa kutoa umeme wa biashara, nayo ipate sehemu yake katika maarifa hayo.

Tutue kidogo hapa. Katika mwaka ule hakuna mtu aliyekuwa amewasha hata taa moja kwa umeme wa nyuklia. Lakini mwanadiplomasia aliyeandika kifungu kile aliona mbali. Mwaka wa 1955 Marekani na Ubelgiji zilitia sahihi mapatano ya nyuklia ya amani. Ubelgiji ilijenga kituo kikubwa cha utafiti huko Mol, na mwaka wa 1962 ikawasha kinu cha umeme cha aina ya Kimarekani, cha kwanza cha aina hiyo katika Ulaya. Kifungu kimoja cha mwaka wa 1944 kilizaa vizazi vya wataalamu wa Kibelgiji.

Na Wakongo? Hawakuwa mezani. Waliochimba kwa mikono, waliopakia magunia, hawakuulizwa wala hawakutajwa kama upande wa mapatano. Hili ni somo la kwanza na pengine kubwa kuliko yote: katika mapatano, anayefaidika ni yule ambaye jina lake limeandikwa, na kwa kadiri ya kile alichofikiri kuomba.

Hata hivyo Kongo ilipata kitu. Katika Chuo Kikuu cha Lovanium, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kinshasa, mkuu wa chuo alikuwa Mgr Luc Gillon, padri wa Kikatoliki aliyekuwa pia mwanafizikia. Alipigania chuo chake kipewe kinu cha utafiti. Kinu hicho, TRICO I, kilitoka Marekani na kiliwaka kwa mara ya kwanza mwezi wa Juni 1959, mwaka mmoja mbele ya uhuru. Nguvu yake ilikuwa kilowati 50 tu, haiwezi kuangazia mji, lakini ilitosha kufundisha na kutengeneza dawa za kupimia wagonjwa. Mwaka wa 1972 kikafuatwa na TRICO II, chenye megawati moja. Hicho kilisimamishwa mwaka wa 2004, kwa kukosa vipuri na matengenezo.

Pamoja na kinu lilikuja jukumu la kukilinda. Katika miaka ya 1970 fimbo mbili za mafuta ya nyuklia zilipotea Kinshasa. Mwaka wa 1998 polisi wa Italia walikamata moja mikononi mwa wahalifu waliotaka kuiuza. Jambo la chuo kimoja likawa shauri la mataifa kadhaa. Vilevile Shinkolobwe: mgodi ulifungwa mbele ya uhuru, lakini wachimbaji wadogo walirudi kutafuta kobalti. Mwanzoni mwa 2004 serikali iliukataza kwa amri ya raisi, na mwezi wa Julai mwaka uleule shimo lilianguka, watu wakafa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuja kupima hali. Tangu hapo kila mara jina la Shinkolobwe linapotajwa, mabalozi wanauliza maulizo, hata kama aliye ndani ya shimo ni baba anayetafuta karo ya watoto.

India: mapatano yaliyovunjika na mapatano yaliyojengwa upya

Kama tunataka kuona nguvu ya mapatano haya katika diplomasia, hakuna mfano mzuri kupita India.

Kanada iliipa India kinu cha utafiti, na Marekani ikatoa maji mazito ya kukiendesha, kwa ahadi ya matumizi ya amani. Kiliwaka mwaka wa 1960. Tarehe 18 Mei 1974 India ililipua kifaa cha nyuklia katika jangwa la Pokhran, kwa plutoni iliyotoka katika kinu hicho. India ilisema ulikuwa mlipuko wa amani. Kanada haikukubali, ilikata ushirikiano wake. Inchi zinazouza vifaa zikakutana London mwaka wa 1975 na kuunda kundi lao la kupatana masharti. Marekani ikakaza sheria yake mwaka wa 1978. India ilibaki nje ya soko la nyuklia kwa zaidi ya miaka 30, na ilipojaribu mabomu tena mwaka wa 1998 ikapata vikwazo vipya.

Kisha, tarehe 18 Julai 2005, Raisi George W. Bush na Waziri Mkuu Manmohan Singh walitangaza huko Washington kwamba wataanza ushirikiano wa nyuklia. India haikuwa imetia sahihi TNP na ilikuwa na mabomu. Iliahidi kutenganisha vinu vya raia na vya jeshi, na kuweka 14 kati ya 22 chini ya wakaguzi wa AIEA.

Njia ilikuwa ndefu. Mwaka wa 2005 na tena 2006, wakati mazungumzo yanaendelea, India ilipiga kura dhidi ya Iran katika AIEA, ingawa Iran ilikuwa rafiki wake wa zamani. Wengi waliona hapo bei ya kwanza ya mapatano. Ndani ya inchi, vyama vya mrengo wa kushoto viliacha kuiunga mkono serikali, na tarehe 22 Julai 2008 Singh aliponea bungeni kwa kura 275 dhidi ya 256. Serikali nzima ilikaribia kuanguka kwa sababu ya mapatano ya nyuklia. Tarehe 6 Septemba 2008 kundi la wauzaji likaipa India ruhusa ya pekee, na tarehe 10 Oktoba mawaziri Condoleezza Rice na Pranab Mukherjee wakatia sahihi.

Matokeo yake? Kwa upande wa umeme, yalikuwa madogo kuliko yaliyotangazwa. Mwaka wa 2010 bunge la India lilipitisha sheria iliyoweza kumdai muuzaji wa kinu fidia kama ajali ingetokea. Watu walikuwa bado wanakumbuka sumu ya kiwanda cha Bhopal ya mwaka wa 1984. Kampuni za Marekani na Ufaransa ziliogopa, na kwa miaka mingi vinu walivyopanga havikujengwa. Urusi, yenye mapatano ya zamani ya mwaka wa 1988, ndiyo iliyoendelea kujenga Kudankulam.

Lakini kwa upande wa diplomasia, mlango uliofunguka ulikuwa mkubwa. Kanada yenyewe, iliyokuwa imekasirika, ilitia sahihi mapatano mapya mwaka wa 2010. Australia ikafuata mwaka wa 2014, na Japani, inchi iliyopigwa na mabomu mawili, mwaka wa 2016. Marekani na India wakawa karibu hata katika ulinzi. Upande wa pili, Pakistan ililalamika kwamba imebaguliwa, na China ikaendelea kuijengea vinu huko Chashma. Na swali likabaki: kama asiyetia sahihi TNP anapewa ruhusa ya pekee, aliyetia sahihi na kuvumilia amepata nini zaidi?

Falme za Kiarabu na Misri: njia mbili

Mwaka wa 2009 Falme za Kiarabu ziliandikiana mapatano na Marekani na kukubali jambo ambalo wengine wanalikataa: kuacha kabisa kurutubisha urani na kuchambua mafuta yaliyotumika katika ardhi yao. Waliweka pia akiba: kama inchi nyingine ya Mashariki ya Kati itapewa masharti mepesi, nao wanaweza kuomba mazungumzo yafunguliwe tena. Mwisho wa mwaka uleule Korea Kusini ilishinda kazi ya kujenga vinu vinne vya Barakah, yenye thamani ya karibu miliari 20 za dola. Kwa kuwa kinu cha Korea kina mizizi katika teknolojia ya Kimarekani, hata mauzo hayo yalihitaji ruhusa ya Washington. Cha kwanza kiliwaka mwaka wa 2020, cha nne kilianza kuuza umeme mwaka wa 2024, na vyote pamoja vinatoa karibu robo ya umeme wa inchi. Kwa upande wa Saudia, mazungumzo na Marekani yalichukua miaka mingi, hasa kwa sababu haikutaka kufunga mlango uleule.

Misri ilichagua Urusi. Mapatano ya El Dabaa, kandokando ya Bahari ya Mediterania, yalitiwa sahihi mwezi wa Novemba 2015: vinu vinne, kila kimoja megawati 1,200, na mkopo wa miliari 25 za dola kutoka Urusi. Ujenzi ulianza mwaka wa 2022. Urusi inajenga, inakopesha, inafundisha na inaleta mafuta. Kwa inchi isiyo na fedha mkononi, hii ni njia iliyo wazi. Lakini deni na mafuta kutoka nyumba moja vinafunga urafiki kwa vizazi. Ni vigumu kumpinga katika Umoja wa Mataifa mtu anayeshika taa yako. Hata hapa karibu, Rwanda ilipatana na Urusi mwaka wa 2019 juu ya kituo cha sayansi ya nyuklia.

Iran: ahadi zinapovunjika

Marekani ilikuwa na mapatano ya nyuklia ya amani na Iran tangu 1957, na kinu cha Teheran kilichowaka mwaka wa 1967 kilitoka Marekani. Mapinduzi ya 1979 yalikata yote. Wajerumani waliokuwa wakijenga Bushehr hawakurudi kumaliza. Urusi ilikuja kumaliza kazi hiyo, na kinu kikaunganishwa na umeme wa inchi mwaka wa 2011, kwa sharti kwamba mafuta yaliyotumika yanarudishwa Urusi. Tangu hapo Wairani wanasema: tulikatiwa mafuta, basi lazima tuyatengeneze wenyewe. Wengine wanajibu: kazi mliyoificha Natanz, iliyojulikana mwaka wa 2002, inazidi mahitaji ya umeme. Mapatano ya 2015 yaliweka kikomo cha asilimia 3.67. Marekani ilijitoa mwaka wa 2018, Iran ikapanda mpaka asilimia 60, na mwezi wa Juni 2025 Israeli na Marekani zikapiga vituo vyake kwa mabomu. Hapo tunaona kwamba ahadi iliyovunjwa hairudishi watu pale walipoanzia. Inawaacha nyuma zaidi.

Neno la makanisa

Makanisa hayakunyamaza. Mwezi wa Julai 2014, Kamati Kuu ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni, ikikutana Geneva, ilitoa tamko la kuomba dunia iache silaha za nyuklia, na pia iondoke polepole katika umeme wa nyuklia. Ajali ya Fukushima ya 2011 ilikuwa bado mbichi mioyoni. Wakristo wengine, hasa waganga na wahandisi, wanakumbusha kwamba kansa inatibiwa kwa mionzi, na kwamba inchi isiyo na umeme inazika watoto wake kimyakimya. Afrika ilichagua njia yake katika Mkataba wa Pelindaba, uliofunguliwa mwaka wa 1996 na kuanza kazi mwaka wa 2009: bara bila silaha za nyuklia, lakini lenye haki ya nyuklia ya amani. Jina hilo ni la kituo cha Afrika Kusini, inchi iliyotengeneza mabomu sita kisha ikayavunja yenyewe.

Tuulize nini tunaposikia mapatano?

Siku hizi neno «mapatano» linazunguka sana mashariki ya Kongo, kwa habari ya madini, barabara, umeme na usalama. Hayo si ya nyuklia, lakini historia hii inatufundisha kusoma yote. Tunapendekeza maulizo matano ya kuzungumza katika vikundi vya wababa, wamama na vijana:

1. Nani ametia sahihi, na wanaokaa juu ya udongo unaozungumziwa wametajwa wapi?
2. Mbali na fedha, tumeomba maarifa gani kwa watoto wetu? Tukumbuke kifungu cha Ubelgiji cha 1944.
3. Nani anakagua, na je, ripoti yake itasomwa na raia?
4. Kama upande mmoja unavunja ahadi, mkataba unasema nini?
5. Ajali ikitokea, nani analipa? India iliuliza swali hili wazi, ingawa liliwakasirisha wauzaji.

Wasomaji wa Biblia wanakumbuka kwamba Solomono na Hiramu wa Tiro walipatana kwa mierezi, ngano na mafuta, na kwamba baada ya miaka 20 Hiramu alikwenda kuangalia miji aliyopewa na hakuipenda. Mfalme mwenye hekima na rafiki wa baba yake, na bado walihitaji kukagua baadaye. Sisi ambao tulitoa jiwe la Shinkolobwe bila kuulizwa tuna sababu zaidi ya kusoma kila kifungu mbele ya kupiga makofi.